Mchezo wa skrubu kwenye lezi: ni nini, na unatoka wapi

Kwenye lezi, mashine inayozungusha kazi (kipande kinachochongwa) huku kisu kikiikata, mchezo wa skrubu ni ile sehemu ya mzunguko ambapo hendeli inageuka, namba za pete yake zinapita, lakini slaidi, sehemu inayobeba kisu, haijasogea. Hujitokeza kila unapobadilisha mwelekeo. Ukisukuma kisu mbele, uzi wa skrubu unaegemea upande mmoja wa uzi wa nati. Ukirudisha, lazima kwanza uvuke nafasi iliyo kati yao mpaka uguse upande wa pili. Nafasi hiyo haiwezi kuwa sifuri, maana bila hiyo skrubu isingezunguka wala oili isingepata pa kukaa. Tatizo la mashine kuukuu ni kwamba nafasi imekua.

Chukua Myford ML7, lezi ya Uingereza inayopatikana sana kwenye karakana za nyumbani. Mzunguko mmoja wa hendeli ya slaidi ya kukingama, ile inayoingiza kisu kwenye kazi, ni inchi 0.1, na pete yake ina mistari 100. Kila mstari basi ni kama mm 0.025. Tuseme umepitiliza mistari minne, ukairudisha minne. Ikiwa mchezo ni wa mistari kumi, kisu hakijarudi hata kidogo, na kwa kuwa kina cha kisu huhesabiwa mara mbili kwenye kipenyo, shafti inatoka nyembamba kwa mm 0.2. Beringi haitakaa hapo. Dawa ya papo hapo ni ya mkono tu: ukipitiliza, rudi nusu mzunguko, kisha uje tena mbele mpaka kwenye mstari unaoutaka. Soma namba ukitoka upande uleule siku zote.

Kabla ya kugusa spana, pima. Simamisha geji ya saa, kipimo chenye mshale kinachoonyesha msogeo mdogo, kwa sumaku kwenye sehemu isiyosogea, ncha yake iguse slaidi. Geuza hendeli mbele mpaka mshale utembee, weka pete kwenye sifuri, kisha geuza nyuma taratibu. Namba utakayoikuta kwenye pete pale mshale unapoanza kurudi ndiyo mchezo wote. Hadi mm 0.25 mashine ya zamani inafanya kazi vizuri kwa fundi mwenye subira. Ikifika mm 0.5, tafuta chanzo.

Hapa ndipo wengi wanapotea, wanakimbilia kununua nati mpya. Mchezo huo ni jumla ya vitu kadhaa. Hamishia ncha ya geji kwenye uso wa hendeli, uivute na kuisukuma bila kuigeuza. Mshale ukitembea, skrubu yenyewe inaingia na kutoka kwenye bushi yake, yaani bomba fupi linaloishikilia, na mara nyingi hapo ndipo ilipo nusu ya tatizo. Kaza nati iliyo nyuma ya hendeli mpaka mzunguko uwe mzito, ilegeze kidogo hadi uwe mwepisi, halafu ifunge kwa nati ya pili. Kama bushi imeliwa, washa nyembamba ya shaba huondoa pengo. Angalia pia bolti inayoshika nati ya slaidi: ikilegea, nati nzima inatembea, na kazi yote ya kukaza kwingine ni bure. Hendeli iliyolegea kwenye shafti yake nayo huleta dalili hiyohiyo.

Baada ya hapo ndipo uende kwenye uzi. Pima mahali patatu: slaidi ikiwa mbele, katikati na nyuma. Ukikuta mm 0.4 pale kisu kinapofanyia kazi siku zote na mm 0.1 mwishoni, skrubu ndiyo iliyoliwa, kwa sababu nati iliyoliwa ingetoa namba moja kila mahali. Tofauti hii ni muhimu kwa mashine zenye nati iliyopasuliwa vipande viwili na kabari ya kuvisukuma vitengane. Ukiirekebisha kwa kufuata sehemu iliyoliwa, slaidi itakwama ikifika sehemu nzima. Irekebishe kwa kufuata sehemu iliyokaza zaidi, au badilisha skrubu pamoja na nati. Nati mpya ya shaba kwenye skrubu iliyochakaa huliwa haraka.

Usichanganye haya na kuyumba kwa slaidi upande kwa upande. Hilo ni suala la ule ubao mwembamba wa chuma ulio kwenye mkia wa njiwa, yaani reli za mshazari ambazo slaidi hutembea juu yake, na hurekebishwa kwa skrubu zake za pembeni. Lakini vinasaidiana: ubao uliokazwa kiasi, slaidi ikitembea kwa uzito kidogo, huzuia kisu kisivutwe na kazi wakati wa kutenganisha kipande.

Kwenye mashine ya milingi, ambapo kisu ndicho kinachozunguka na kazi hubebwa na meza, mchezo ni hatari zaidi. Kisu kikizunguka kuelekea kule meza inakokwenda, huinyakua na kuirusha mbele kwa kiasi chote cha mchezo, na meno hukatika. Mashine kuukuu ilishwe kazi dhidi ya mzunguko wa kisu.