Je, wajua? Kampuni yaweza kufilisika, kiwanda kikaendelea na kazi, na mwenye hisa akatoka kapa

Swali lenyewe lilizuka barazani Langoni, hapa Lamu, kijana mmoja alipotoa simu akamuonyesha ami yake. Alikuwa na hisa 400 za kampuni ya Marekani inaitwa Wolfspeed, alinunua kidogo kidogo kupitia apu, siku moja mwisho wa Septemba 2025 akafungua akakuta hisa 3. Kampuni haijafungwa, wafanyikazi wanaingia zamu kama kawaida, mitambo inawaka, wateja wapo. Ami akasema umeibiwa mwanangu. Kijana akajibu hapana ami, hii imepitishwa na mahakama kabisa. Hapo ndo kila mtu akawa na lake la kusema.

Jibu fupi: kampuni ni kitu kimoja na hisa za kampuni ni kitu chengine, na kufilisika kwa sheria ya Marekani mara nyingi si kufa, ni kubadilisha wenyewe. Jibu refu ndo lenye utamu, manake Wolfspeed si kampuni ya utapeli na wanachotengeneza si hewa.

Zamani ikiitwa Cree, ilianzishwa 1987 kule North Carolina, na wengi waliijua kwa taa za LED. Biashara ya taa wakaiuza, 2021 wakabadilisha jina, wakabaki na silikoni kabaidi. Usiogope jina. Ule msasa mweusi wa kutumia na maji, ambao mafundi wa boti za faiba wanalainishia kabla ya kupiga rangi, zile punje zinazokwaruza kidole mara nyingi ndo silikoni kabaidi yenyewe, inatengenezwa viwandani tangu miaka ya 1890 na bei yake unaijua. Lakini punje ya msasa si kristali ya chipu. Silikoni ya kawaida, hii ya kwenye simu yako, inayeyuka kwenye nyuzi 1,414, kristali inavutwa juu pole pole kutoka kwenye ule uji mpaka linatoka gogo refu kushinda mtu. Silikoni kabaidi haikubali mchezo huo, ukiipasha kupita nyuzi 2,000 inageuka mvuke bila kupitia uji, sasa ule mvuke inabidi ugandishwe juu ya kipande cha mbegu ndani ya tanuri lililofungwa, moto hauzimwi usiku wala mchana, na baada ya siku kadhaa unatoa kristali ya sentimita chache tu. Halafu uikate vipande vyembamba, nayo ugumu wake unakaribia almasi. Ikitoka na kasoro ndani, tanuri zima na umeme wote ule umepotea.

Faida yake ni kwamba inavumilia joto na volti kubwa na inapoteza umeme kidogo, ndo maana Tesla waliitia kwenye Model 3, gari likaenda mbali zaidi kwa betri ile ile. (Najua, tunabishana chipu za magari ya umeme kwenye mji ambao vichochoro vyake punda wawili wakikutana lazima mmoja asubiri. Lakini pesa haina mji.)

Sasa rudi 2021. Kila mtu ana hamu ya magari ya umeme, hisa ya Wolfspeed inafika karibu dola 140. Kampuni ikaona hii ndo nafasi, ikafungua kiwanda Mohawk Valley, jimbo la New York, mwaka 2022, na kingine kikubwa cha kukuzia kristali kikaanza kujengwa Siler City, North Carolina. Pesa zilitoka wapi? Deni. Na si deni la aina moja, kuna bondi zenye dhamana, kuna bondi zile zinazoweza kugeuzwa hisa, na kuna Renesas, kampuni ya Japani, iliyoweka amana ya dola bilioni 2 mwaka 2023 ili iuziwe weifa, yaani vile vipande vyembamba vya kristali, kwa miaka 10. Mwaka huo huo wa 2023, mwezi wa Machi, Tesla wakatangaza kwamba magari yao yajayo yatapunguza silikoni kabaidi kwa asilimia 75. Soko la magari ya umeme likaanza kwenda mwendo wa kobe, Wachina wakaingia na weifa zao bei ikaporomoka, na zile dola milioni 750 za serikali ya Marekani zilizokubaliwa kwa makubaliano ya awali Oktoba 2024 zikawa zinasubiriwa tu. Kiwanda kipya kinachokwenda nusu nusu kinakula pesa kushinda kile kisichojengwa, na riba haisubiri magari yauzwe. Kufika 2025 deni lote lilikuwa kama dola bilioni 6.5.

Hapa ndo wawekezaji wadogo wakagawanyika, na nimewasikiliza sana, wa huku na wa onlaini, hoja zao ni zile zile kila kampuni ya namna hii inapoyumba.

Wa kwanza ni wale wa "imeshuka kutoka 140 mpaka 3, itashuka wapi tena". Hii hoja mimi huwa inanichekesha na kunihuzunisha pamoja. Hisa ya dola 3 ikienda senti 30 umepoteza asilimia 90, sawasawa na mtu aliyenunua kwa 140 akaiona ikienda 14. Sifuri haijali ulianzia wapi. Na kweli, Machi 2025 hisa ilianguka nusu kwa siku moja ikaingia chini ya dola 3, watu wakanunua kwa furaha wakisema ni ya bure, Mei ikaanguka tena zaidi ya nusu baada ya habari kutoka kwamba kampuni inajiandaa kufilisika.

Wa pili ni wa "Marekani haiwezi kuiacha, hii ni teknolojia ya usalama wa taifa, wanaogopa China". Hawa walikuwa na haki, na bado wakaliwa. Kampuni haikuachwa ife. Lakini hakuna mahali serikali ilipoahidi kuokoa hisa za mtu wa Langoni, ikiokolewa kampuni si lazima uokolewe wewe.

Wa tatu ni wa kiwanda. Wanasema jumlisha majengo, mitambo, hataza, ni mabilioni, gawanya kwa idadi ya hisa, kila hisa ina thamani kubwa kuliko bei ya sokoni. Hesabu yao iko sawa ila wamesahau kutoa deni, na ile mitambo ya nyuzi 2,000 ukiiuza kwa lazima ni nani atakayeinunua kwa bei iliyoandikwa vitabuni? Na wapo wa nne, wale wanaosubiri watu waliokopa hisa wakaziuza, wakitegemea bei itashuka, wabanwe walazimike kuzinunua tena mpaka bei iruke. Hao siwabishii, huo ni mchezo wa bahati, na una siku zake, maana hata baada ya kampuni kupeleka makaratasi mahakamani tarehe 30 Juni 2025 kuna siku Julai hisa ilipanda kwa fujo.

Hakuna katika hao aliyeuliza foleni ikoje. Na jibu lote limelala hapo kwenye foleni.

Watu wa bahari foleni tunaijua. Chombo kikirudi na samaki, kinachotoka kwanza ni mafuta, barafu na chakula cha safari, halafu sehemu ya chombo, halafu nahodha na mabaharia wanagawana kilichobaki. Safari ikiwa nzuri baharia anafurahi kushinda aliyemuuzia mafuta, maana mafuta bei yake ni ile ile. Safari ikiwa mbaya aliyeuza mafuta amelipwa, baharia anarudi na kitoweo tu. Mwenye hisa ndo huyo baharia. Mbele yake kuna mawakili na gharama za mahakama, wafanyikazi, wenye bondi zenye dhamana, wenye bondi zisizo na dhamana, wauzaji, ndo wewe. Na sheria inasema wa mbele asiposhiba, wa nyuma hana haki ya kudai kitu.

Wa mbele wa Wolfspeed hawakushiba. Kwa hivyo wakakubaliana hivi: deni lipunguzwe kwa takriban asilimia 70, na wale waliosamehe, wenye bondi za kugeuzwa pamoja na Renesas, wachukue kampuni yenyewe. Hisa za zamani zikafutwa. Wenye hisa za zamani wote kwa jumla wakaachiwa kati ya asilimia 3 na 5 ya kampuni mpya, na hapo ni kwa ihsani zaidi kuliko haki, manake kwenye kesi nyingi hawapewi hata hicho. Kila hisa 1 ya zamani ikawa hisa mpya 0.008352. Zidisha kwa 400 unapata 3 na kitu, ndo zile 3 za kijana wetu, mahakama wala haikukosea hesabu. Tuseme alinunua kwa wastani wa dola 4, alitia dola 1,600, na hisa mpya hata ukiikisia dola 25 anayo 75 na chenji.

Kilichochanganya watu zaidi ni kwamba siku hisa mpya zilipoanza kuuzwa, grafu kwenye simu zilionyesha bei imepanda zaidi ya asilimia 1,000 kwa siku moja. Watu wakapigiana simu ati Wolfspeed imefufuka. Haikupanda chochote. Grafu ilikuwa inalinganisha hisa ya zamani ya dola moja na kitu na hisa mpya ambayo si ile, jina tu ndo limefanana.

Na si mambo ya Marekani pekee. Sisi wa pwani tulikuwa na ARM Cement, iliyokuwa na kiwanda Kaloleni, kaunti ya Kilifi. Simiti inahitajika, nyumba zinajengwa, reli inajengwa, bidhaa haina shida. Wakakopa wakajenga kiwanda kikubwa Tanga, ushindani Tanzania ukabana, 2016 wakaingiziwa dola milioni 140 na CDC, kampuni ya uwekezaji ya serikali ya Uingereza, na bado haikutosha. Agosti 2018 ikawekwa chini ya wasimamizi, hisa zikasimamishwa kwenye soko la Nairobi bei ikiwa shilingi 5 na senti, mwaka uliofuata mali zake za Kenya zikauzwa kwa National Cement kwa dola milioni 50. Simiti iliendelea kutoka. Pesa zikaishia kwa waliokopesha. Mtu aliyenunua hisa hizo kwa sababu anaona malori ya simiti yakipita kila siku barabarani alikuwa anaona kitu cha kweli, ila malori hayaandikwi deni ubavuni.

Kuna na GT Advanced, hii fupi. Ilipewa kazi na Apple 2013 kutengeneza kioo cha yakuti kwenye kiwanda Arizona, Apple wakakubali kutanguliza dola milioni 578, wawekezaji wadogo wakaamini simu mpya itakuja na kioo hicho. iPhone 6 ikatangazwa Septemba 2014 bila yakuti, tarehe 6 Oktoba kampuni ikafilisika, hisa ikapoteza karibu yote ndani ya siku moja. Yakuti yenyewe haina kosa, ipo kwenye saa za bei mpaka leo.

Sasa barazani ami mmoja alileta jambo ambalo mimi naliona ndo la maana kuliko yote siku ile. Akauliza, kwani hisa hizo zilikuwa halali? Vijana wakadhani anauliza kama kampuni inauza pombe. La, alikuwa anauliza deni. Kiwango cha AAOIFI, taasisi ya Bahrain inayoweka viwango vya fedha za Kiislamu, kinataka mikopo ya riba ya kampuni isizidi asilimia 30 ya thamani yake sokoni. Fanya hesabu ya masika 2025: hisa kama milioni 155, bei dola 3, thamani sokoni haifiki hata nusu bilioni. Deni bilioni 6.5. Hiyo si asilimia 30, hiyo ni mara kumi na zaidi. Mtu aliyeshika kipimo hicho kwa ajili ya dini yake angekuwa ametoka zamani, na hata asiye Muislamu kipimo kinamfaa, maana kinauliza swali lile lile la foleni: mbele yangu wamesimama wangapi?

Kipimo kina kasoro yake, nakubali. Mwaka 2021 hisa ikiwa juu thamani ya soko ilikuwa kubwa mno na kampuni ingepita bila shida, yaani kinakukataza baada ya bei kuanguka, si kabla. Kwa hivyo usikitumie peke yake, tazama na deni linaiva lini, yaani lazima lilipwe lini, na kampuni inachoma pesa ngapi kila robo mwaka. Kwetu Kenya kampuni iliyo sokoni inalazimika kutoa onyo ikiona faida itashuka kwa asilimia 25 au zaidi. Marekani tafuta sentensi moja kwenye ripoti ya robo mwaka, ile ya uongozi kusema wana shaka kubwa kama kampuni itaweza kuendelea na shughuli zake. Wolfspeed waliiandika Mei 2025, iko wazi, bure, hata simu ya bando la shilingi 20 inaifungua, na siku zile hisa ilikuwa bado inauzwa dola kadhaa.