Denim ni nini hasa, na kwa nini inapauka

Ukitaja denim wengi wanawaza jinzi moja kwa moja, ila jinzi ni nguo, denim ni kitambaa chenyewe, ndo maana kuna jaketi za denim, sketi, kofia mpaka mabegi. Na si kila kitambaa kizito cha bluu ni denim. Hii ni pamba iliyofumwa kimshazari, yaani uzi wa kulala unapita chini ya nyuzi mbili au tatu za kusimama halafu unapanda juu ya moja, mstari unaofuata unasogea kidogo, ukikitazama kwa karibu unaona vimistari vimelala upande. Zile za kusimama zimetiwa rangi, za kulala zimeachwa nyeupe. Angalia jinzi iliyochanwa magotini kwa fasheni, zile nyuzi nyeupe zinazoning'inia kukatisha goti ndo za kulala, za bluu zishakatika.

Jina linahusishwa na Nîmes, mji wa kusini mwa Ufaransa, ambako kulikuwa na kitambaa kigumu kikiitwa serge de Nîmes, ingawa hicho kilikuwa na sufu na hariri, sio hiki chetu cha pamba. Waliokipa umaarufu ni Wamarekani. Kule Reno, Nevada, fundi cherehani Jacob Davis alikuwa anashonea vibarua suruali, tatizo mifuko inachanika kila siku, akaamua kugongelea ribiti za shaba, vile vidude vya duara vya kubana kitambaa, kwenye kona za mifuko. Zikagombaniwa balaa! Hela ya kulipia hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi wake, hana, akamwandikia aliyekuwa anamuuzia vitambaa, Levi Strauss wa San Francisco, na tarehe 20 Mei 1873 wakapewa hataza yao. Kwa hiyo Levi hakuvumbua denim, na hata ile ribiti si wazo lake, ila jina lililobaki ni la mwenye duka, ndo dunia ilivyo.

Sasa utamu uko kwenye rangi. Nili, ndo hiyo rangi ya bluu ya denim, haiyeyuki kwenye maji hivi hivi, lazima kwanza ibadilishwe kikemikali, uzi unachovywa ukitoka una rangi ya kijani-njano, ukikutana na hewa unageuka bluu hapo hapo unaona kwa macho, wanarudia tena na tena mpaka ikolee. Ila rangi inaganda juu juu tu, katikati ya uzi panabaki peupe. Ndo maana panaposuguliwa, mapajani, magotini, mfukoni unapoweka simu, panapauka kwanza. Kwa nguo nyingine hiyo ingekuwa kasoro, kwa denim watu wanalipia.

Zamani nili ilitoka kwenye mimea, India hasa, halafu mwaka 1897 kampuni ya BASF ya Ujerumani ikaanza kuuza ya kiwandani na biashara ya wakulima ikaporomoka.

Huo mpauko viwanda navyo vikaanza kuutengeneza, mara kufua na mawe mepesi ya volkano, mara kupuliza mchanga kwa presha. Hii ya mchanga ilikuwa mbaya sana, vumbi lake liliwaharibu wafanyakazi mapafu, wengine wakafa, mpaka Uturuki ikapiga marufuku 2009. Siku hizi viwanda vingi vinatumia vimeng'enya (enzaimu) na leza, inatoka imepauka vile vile na hakuna aliyevuta vumbi la mchanga.