Kuiandaa Hilux mpya kwa safari za porini: mizani kwanza, springi baadaye

Mtu akitoka kununua pikapu mpya ya 4x4, kitu cha kwanza anachokipeleka gereji ni hela ya kuinyanyua. Fundi anaweka springi ngumu, gari linasimama juu, linapendeza. Baada ya hapo ndipo vinakuja kanopi (paa la kufunika bodi ya nyuma), hema la juu, bampa ya chuma na betri ya pili. Springi zile zilichaguliwa kabla uzito haujajulikana, kwa hiyo zinakuwa ngumu mno gari likiwa tupu au laini mno likijazwa, na kazi inarudiwa kwa gharama ileile. Hapa ninaeleza mpangilio ninaouona kuwa sahihi, kwa mfano wa Toyota Hilux ya milango minne yenye injini ya dizeli ya lita 2.8, maana ndiyo inayoonekana zaidi kwenye njia zetu. Hesabu zilezile zinafaa Ranger, D-Max au Navara.

Fungua mlango wa dereva utazame kibandiko kwenye nguzo. Kinaonyesha uzito wa juu unaoruhusiwa kwa gari zima, na kwa kawaida kiasi ambacho kila ekseli inaweza kubeba. Kisha jaza tanki, lita 80, uende kwenye mizani. Maghala ya nafaka na wanunuzi wa vyuma chakavu wanayo, na huwa hawakatai kumpimia mtu kwa malipo kidogo. Pima mara tatu: gari zima, magurudumu ya mbele peke yake, ya nyuma peke yake. Andika.

Tuseme kibandiko kinasema kilo 2,910 na mizani imesema 2,090. Umebakiwa na kilo 820. Zinaonekana nyingi mpaka uanze kuhesabu. Watu wanne na mabegi yao ni 340. Kanopi 80. Hema la juu ya gari 65, na keria yake 25. Bampa ya chuma, ukishatoa uzito wa ile ya plastiki iliyoondoka, inaongeza kama 55. Winchi, yaani mashine ya kujivuta ukikwama, yenye kamba ya sintetiki 30. Betri ya pili na nyaya zake 30. Friji ikiwa na chakula 40. Maji lita 60 ni kilo 60. Madumu mawili ya dizeli ya lita 20 ni 42, kwa sababu dizeli ni nyepesi kuliko maji lakini dumu la chuma lina uzito wake. Droo za mbao na reli zake 50. Tairi la pili la akiba 32. Jeki, spana, mtungi wa gesi, meza, viti na sufuria 60. Jumla ni kilo 909. Umevuka kwa karibu kilo 90, na hujaweka hata gunia la mkaa.

Kubadilisha springi hakuongezi ile namba ya kwenye kibandiko. Breki, ekseli na chesisi ni zilezile. Kinachobaki ni kupunguza. Droo nazitoa mwanzo kabisa: masanduku ya plastiki yenye mfuniko, yaliyofungwa kwa mikanda, yanafanya kazi ileile kwa kilo 10. Betri ya lithiamu ya Ah 100 (ampea-saa, kipimo cha umeme inaohifadhi) ina takribani kilo 12 wakati ya AGM, ile ya risasi iliyozibwa, inafika 30. Winchi na bampa ni kilo 85, na anayesafiri na gari la pili mara nyingi havihitaji. Na kama ni safari ya watu wawili badala ya wanne, mjadala wote umekwisha.

Mahali uzito unapokaa ni muhimu kama wingi wake. Kutoka ekseli ya mbele ya Hilux hadi ya nyuma ni milimita 3,085. Ukining'iniza tairi la akiba na madumu kwenye bampa ya nyuma, tuseme kilo 100 zikiwa mita 1.2 nyuma ya ekseli, ekseli ya nyuma haibebi kilo 100. Inabeba 139, na ya mbele inapunguziwa 39. Ni mchezo wa pembea. Usukani unakuwa mwepesi, taa zinamulika miti, na breki za mbele zinapoteza mshiko. Kwa hiyo tanki la maji na betri viwekwe mbele ya ekseli ya nyuma, vikigusa ukuta wa kabini, na chini iwezekanavyo.

Hili pia ndilo linalopinda chesisi. Pikapu za milango minne zikipinda, hupinda karibu palepale kabini inapoishia na bodi kuanza. Kinachoharakisha ni mifuko ya hewa ya kusaidia springi. Springi ya pasi, ile ya mabapa ya chuma yaliyopangwa, inashika chesisi sehemu mbili, mbele na nyuma ya ekseli, na kugawa mzigo. Mfuko wa hewa unasukuma sehemu moja tu, katikati, juu ya ekseli. Mkia wenye mzigo unabaki ukining'inia nyuma ya sehemu hiyo, na kila shimo linauvuta chini kama mtu anayevunja kuni kwa goti. Mifuko hiyo ina kazi yake kwa trela jepesi kwenye lami. Kwa mzigo wa kudumu kwenye barabara mbovu, siiwekei gari.

Sasa springi. Chukua uzito utakaokuwa kwenye gari siku zote, hata ukienda sokoni: kanopi, bampa, betri, hema kama halishuki. Huo ndio wa kuchagulia. Watengenezaji huuza springi za nyuma kwa viwango, kwa mfano za mzigo wa kudumu hadi kilo 300 na za kuanzia 300 hadi 500. Usichague kwa mzigo wa safari moja ya Desemba. Mbele, kunyanyua milimita 40 kunatosha. Ukivuka 50, jointi za CV, zile zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele, zinafanya kazi kwa pembe kali, mipira yake inachanika, vumbi linaingia kwenye grisi, na jointi inaanza kugonga ukikata kona. Ukishafunga, gari liende kwenye alaimenti siku hiyohiyo, na yubolti za springi za nyuma zikazwe tena baada ya kilomita 1,000, kwa sababu pasi mpya hujipanga na kuacha ulegevu.

Shokamzoba usizifanyie ubahili. Barabara ya Mto wa Mbu kwenda Ziwa Natron kupitia Engaruka ina sehemu ndefu zilizojikunja kama bati. Hapo shokamzoba inapanda na kushuka mara nyingi kila sekunde, oili ndani yake inachemka na kutoa povu, na povu halizuii kitu. Utahisi nyuma ya gari ikiteleza pembeni kwenye kona kana kwamba kuna barafu. Ukiona hivyo, simama dakika 20, usizimwagie maji. Na kabla ya kulaumu shokamzoba, tazama upepo wa matairi.

Tairi ndizo zinazokufikisha

Kama ningeruhusiwa kubadilisha kitu kimoja tu kwenye gari jipya, ningebadilisha matairi. Ya kiwandani mara nyingi ni ya kuta laini, kwa ajili ya starehe ya mjini. Tafuta ya aina ya A/T, yaani ya lami na porini, yenye herufi LT ubavuni, yaani ya magari ya mizigo. Ukuta wake una tabaka za ziada na haukatwi kirahisi na mawe ya volkano. Saizi ya kawaida ni 265/65R17, yenye kipenyo cha milimita 776. Ukienda 265/70R17 unapata 803. Gari linapanda milimita 13 tu, kwa kuwa unahesabu nusu ya kipenyo, na spidomita inadanganya kidogo: ikisoma 100, kweli unakwenda kama 103. Baada ya kufunga, kata usukani hadi mwisho pande zote mbili ukiwa unarudi nyuma na ukienda mbele, uone kama tairi linagusa plastiki ya ndani. Matairi makubwa kuliko hapo yanakula nguvu, breki na dizeli, nami sioni faida yake kwa mtu anayesafiri na kupiga kambi.

Sipendekezi M/T, yale ya meno makubwa, kwa ajili ya udongo mweusi wa mbugani. Udongo ule wa Ndutu au Katavi wakati wa masika unajaza nafasi za meno kwa mzunguko mmoja, tairi linakuwa duara la matope, na meno hayana kazi tena. Minyororo ya tairi husaidia kweli. La sivyo, mvua ikikata subiri jua. Nusu siku ya kusubiri ni nafuu kuliko siku mbili za kuchimba.

Upepo, kwa gari lenye mzigo na matairi ya LT: lami mbele 35 psi na nyuma 40. Changarawe na barabara ya bati 26 hadi 28. Mchanga kama wa kingo za jangwa la Chalbi 16 hadi 18, na ukikwama shuka hadi 14. Tairi lililopungua upepo linarefuka pale linapogusa ardhi, linaelea badala ya kuchimba, na kwenye mawe linajikunja badala ya kutoboka. Lakini ukuta unaojikunja unazalisha joto. Kwa 16 psi usizidi kilomita 40 kwa saa, usikate kona kwa ghafla maana tairi linaweza kuchomoka kwenye ringi, na jaza kabla ya kurudi lami. Kompresa ya kujazia upepo ifungwe moja kwa moja kwenye betri kwa vibanio. Tundu la kuwashia sigara haliwezi kubeba umeme unaotakiwa. Fyuzi yake itaungua.

Umeme

Friji ya lita 45 kwenye joto la kwetu hula takribani Ah 30 hadi 40 kwa siku. Betri ya AGM ya Ah 100 usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una siku moja na nusu. Ya lithiamu inakupa siku mbili na zaidi. Sola ya wati 120 ikipata saa tano za jua, ukitoa hasara ya joto na vumbi, inarudisha kama Ah 35, yaani unakaa kambini bila kuwasha injini. Betri ya lithiamu isiwekwe karibu na injini, joto linaiua.

Kati ya betri mbili weka chaja ya DC-DC ya ampea 25, inayochaji betri ya pili kwa umeme wa gari, na usidanganywe kuhusu unene wa waya. Mzunguko wa mita 10, kwenda na kurudi, ukibeba ampea 30 kwa waya wa milimita za mraba 6 unapoteza karibu volti 0.9. Kwa waya wa 16 unapoteza 0.33. Waya mwembamba unafanya chaja ivute ampea zaidi kufidia volti zilizopotea, na waya unapata moto. Fyuzi ni mbili, moja kila mwisho, isizidi sentimita 20 kutoka kwenye betri. Waya upite ndani ya bomba la plastiki, mbali na ekzosi, na kila tundu la bati liwe na mpira. Pikapu nyingi zinazoungua safarini zinaanzia hapo: waya uliosuguliwa na bati, bila fyuzi.

Vumbi, maji na dizeli

Vumbi linaingia kwenye bodi kwa sababu gari likienda kasi, hewa nyuma yake inapungua na kunyonya. Ziba nafasi ya chini ya mlango wa nyuma kwa mpira wa povu, kisha fungua tundu lenye filta mbele ya kanopi ili hewa iingie hapo na kusukuma nje. Kuziba bila kufungua tundu hakutoshi.

Snokeli, bomba la hewa ya injini linalopanda hadi usawa wa paa, inafaa kwa vumbi kuliko kwa mito, maana inavuta hewa ya juu. Hatari yake iko kwenye viungio. Paka grisi kidogo ndani ya bomba baada ya ea klina, tembea kilomita 200 za vumbi, kisha fungua upitishe kidole. Ukikuta mchanga, kuna kiungio kinachovuja, na injini inajisaga.

Mipira ya kupumulia ya difu na gia boksi irefushwe hadi juu chini ya boneti. Difu lenye joto likizama kwenye maji baridi, hewa ndani yake inasinyaa na kunyonya maji kupitia sili. Ukivuka mto mkubwa, kesho yake fungua nati ya difu: oili yenye rangi ya chai ya maziwa ibadilishwe palepale.

Nozeli za injini hizi hazivumilii maji wala taka. Dizeli ya kwenye mapipa vijijini ichujwe. Funga filta ya ziada yenye kikombe cha kutenganisha maji, ya mikroni 30, kabla ya ile ya kiwandani, na ubebe moja ya akiba.

Kwenye kujinasua, ndoano ndogo zilizo chini ya gari jipya ni za kulifungia melini. Usizivute. Funga ndoano zilizopimwa, zilizoshikwa na boliti kwenye chesisi, tumia shekeli (pingu za chuma za kuunganishia kamba) za tani 4.75, na kamwe usivutie kwenye mpira wa trela, ule wa chuma wa kukokotea. Ukikatika unaruka kama risasi. Ubao wa sentimita 30 kwa 30 chini ya jeki utakusaidia mara nyingi kuliko winchi.

Na turubai la kivuli chagua la kaki au kijani hafifu. Mbung'o wanavutwa na bluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hutengenezwa kwa rangi hizo.

Kila kitu kikishafungwa, pakia kama unaondoka kesho, maji na dizeli tele, abiria wote ndani, urudi kwenye mizani ileile upime mara tatu tena. Namba ya nyuma ikizidi ile ya kibandiko, shusha kitu kabla hujaondoka mjini.