Si Soksi Zilizomponya Mpigaji

Mashabiki wengi wa besiboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo, huko Marekani huamini hivi: mpigaji hodari akikaa wiki kadhaa bila pigo la maana, kisha ghafla akaanza kuvusha mipira juu ya uzio, lazima kuna kilichomfungua. Kanyoa masharubu. Kabadilisha gongo. Au kagoma kufua soksi, na gharama yake wanaijua wenzake wa chumba cha kubadilishia nguo.

Imani hiyo inaeleweka, maana vituko hivyo kweli hutangulia mafanikio. Lakini tazama mtu hunyoa masharubu lini: akiwa chini kabisa. Kutoka hapo, hata asiponyoa, uwezekano mkubwa ni kurudi kwenye kiwango chake cha kawaida.

Na ukame wenyewe wa mapigo si ajabu. Anayefanikiwa mara 1 kati ya 4 ana uwezekano wa takriban 1 kati ya 18 wa kukosa mara 10 mfululizo, na msimu wa ligi kuu una mechi 162. Hakuna haja ya kutafuta gundu. Wakati mwingine sababu ipo kweli, kama jeraha lililopona au mkao uliorekebishwa na kocha, hilo sikatai.

Jaribu mwenyewe. Rusha sarafu mbili pamoja mara 100. Zikitua zote upande wa kichwa, uwezekano ule ule wa 1 kati ya 4, hesabu pigo zuri. Yaandike matokeo kwa mfuatano, uone ukame na neema zinavyopokezana, na sarafu hazivai soksi. Kwa mchezaji halisi, linganisha takwimu zake za baada ya kunyoa na za misimu yake iliyopita, si na zile wiki mbovu peke yake.