Intaneti ya Uganda haishuki kutoka angani
Wengi wetu hapa Kampala tumekua tukiamini kwamba intaneti huja kwa setilaiti, na kwamba nchi isiyo na bahari haihusiki na nyaya za baharini. Imani hiyo ilikuwa na msingi hadi mwaka 2009, nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa. Tangu hapo sehemu kubwa ya mawasiliano yetu huvuka mpaka wa Kenya kwa nyaya za nchi kavu hadi pwani. Waya wa baharini wenyewe, kwenye kina kirefu, una unene wa mpira wa kumwagilia bustani tu, na ndani yake mwanga hupita katika nyuzi za kioo nyembamba kama unywele. Ndiyo maana Mei 2024, waya mwingine wa baharini uitwao EASSy na ule wa SEACOM zilipokatika, intaneti ilizorota hadi huku kwetu.