Je, wajua kwa nini jiji la St. Louis halimo ndani ya Kaunti ya St. Louis?

Katika jimbo la Missouri, Marekani, kuna jiji la St. Louis na kuna Kaunti ya St. Louis, lakini jiji si sehemu ya kaunti hiyo. Limepakana nayo tu. Mashariki mwa jiji ni mto Mississippi, na pande nyingine zote tatu ni kaunti. Mgeni akipewa anwani yenye jina "St. Louis", swali la kwanza la kuuliza ni hili: ya jiji au ya kaunti?

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mwaka 1764 wafanyabiashara wa manyoya, Pierre Laclède na kijana wake wa kazi Auguste Chouteau, walianzisha kituo kwenye ukingo wa magharibi wa Mississippi, kusini kidogo ya pale unapopokea maji ya mto Missouri. Aliyetoka bara kwa mtumbwi au kwenda bara kwa meli ya mvuke ilimbidi apite hapo. Sensa ya 1870 iliipa St. Louis watu 310,864 na nafasi ya nne nchini, mbele ya Chicago, ingawa wengi wamekuwa wakishuku kwamba hesabu ile iliongezwa chumvi. Daraja la Eads lilifunguliwa 1874 kuunganisha jiji na ng'ambo ya mto.

Wakati huo jiji lilikuwa ndani ya kaunti, na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Sehemu kubwa ya kodi ya kaunti ilitoka mifukoni mwa watu wa mjini, nao waliona wanalipia serikali mbili kwa kazi ileile. Nje ya mji kulikuwa na mashamba na vijiji vichache. Katiba ya Missouri ya 1875 ikawafungulia mlango: jiji liliruhusiwa kujiandikia hati yake ya kujitawala na kujitoa katika kaunti. Kura ilipigwa Agosti 1876. Hesabu ya kwanza ilionyesha kwamba mpango wa kutengana umeshindwa kwa kura chache, yakazuka madai ya wizi wa kura, mahakama ikaingilia, na hesabu ya pili ikasema umepita. Wenyeji wanaliita tukio hilo Talaka Kuu.

Waliochora mpaka mpya hawakuwa wachoyo. Waliongeza eneo la jiji zaidi ya mara tatu, hadi kilomita za mraba 160 hivi, wakaingiza hata Forest Park, bustani kubwa iliyokuwa nje kabisa ya mji. Kwa macho ya 1876, nafasi hiyo ingetosha vizazi na vizazi. Kosa lao ni kwamba waliufunga mpaka. Miji mingine ya Marekani iliendelea kumeza vitongoji vyake kadiri ilivyokua, St. Louis haikuweza, kwa sababu ilikuwa imejizungushia ukuta yenyewe.

Takwimu za sensa zinaonyesha matokeo. Mwaka 1880 jiji lilikuwa na watu 350,518 na kaunti 31,888. Jiji lilifika kileleni 1950 likiwa na 856,796, kisha watu wakaanza kuhamia nje ya mpaka. Kufikia 1970 kaunti ilikuwa imelipita: 951,353 dhidi ya 622,236. Sensa ya 2020 ilihesabu 1,004,125 katika kaunti, yenye watu wengi kuliko kaunti zote za Missouri, na 301,578 jijini. Yaani jiji limerudi chini ya idadi ya 1870.

Mpaka huo unaonekana vizuri kwenye barabara ya Delmar, mtaa wa maduka na muziki unaoitwa Loop. Unatembea kuelekea magharibi, na pasipo mto wala geti umetoka jijini umeingia University City, mojawapo ya manispaa zaidi ya 80 za kaunti. Polisi ni wengine, halmashauri ni nyingine. Anayeishi au kufanya kazi upande wa jiji hukatwa kodi ya asilimia 1 ya kipato chake. Upande wa pili kodi hiyo haipo.

Kwa nini wasirudiane? Wamejaribu mara nyingi. Mpango wa 1926 ulikubaliwa jijini ukakataliwa na kaunti. Ule wa 1959 ukaanguka, na wa 1962 pia. Katiba ya jimbo inaruhusu jopo la watu 19 la kuandaa mpango wa kuungana, tisa wa jiji, tisa wa kaunti na mmoja wa gavana, lakini mpango wao lazima upitishwe na kila upande peke yake. Zamani wajumbe walitakiwa wawe wenye ardhi, mpaka Mahakama Kuu ya Marekani ilipolikataa sharti hilo mwaka 1989. Kilichofaulu ni kushirikiana kwa vipande: majitaka tangu 1954, na kodi ya pamoja iliyopitishwa 1971, ambayo ndiyo inayofanya kuingia katika bustani ya wanyama ya Forest Park kuwe bure hadi leo.

Tahadhari moja kwa wasomaji wa takwimu. Orodha za uhalifu huhesabu jiji peke yake, watu laki tatu katika eneo la mjini lenye takriban milioni 2.8. Mji ulioingiza vitongoji vyake vitulivu ndani ya mpaka hugawa matukio yake kwa watu wengi zaidi, kwa hiyo ukiulinganisha na St. Louis moja kwa moja, unalinganisha mipaka kabla ya kulinganisha uhalifu.

Na anayetafuta karatasi za ukoo ajue hili: hati za ardhi na ndoa za kabla ya 1877 zilibaki jijini, hata kama shamba lenyewe leo liko Kirkwood, mji ulio ndani ya kaunti. Za baada ya hapo, kwa upande wa kaunti, zimo Clayton, makao makuu ya kaunti, na karani wa jiji hatazipata hata akitafuta siku nzima.