Weusi wa Biri Si Ukali Wake

Wiki iliyopita aliingia dukani tunakouza biri, hapa Dubai, bwana mmoja wa makamo mwenyeji wa Mombasa, akapita moja kwa moja hadi chumba cha unyevu, akayatazama masanduku kwa dakika mbili hivi, kisha akaniambia kwa sauti ya mtu anayejua anachokitaka: "Ndugu yangu, hizi za maji ya kunde waachie wanaojifunza. Mimi nipe ile nyeusi kabisa, nataka kali." Nilimwuliza kama amekula. Akacheka, akidhani ninamtania. Sikuwa ninatania, ila nilikuwa nimekwisha kuchoka, kwa kuwa alikuwa mtu wa nne katika wiki hiyo kuniambia maneno yale yale, na wote wanne walitaka kujua habari za tumboni kwa kutazama kanzu.

Ninaposema biri simaanishi sigara ya karatasi. Ninamaanisha biri ya Kuba iliyosokotwa kwa mkono, yenye majani marefu yasiyokatwakatwa, yaliyolala ndani yake tangu mguu, yaani ncha inayowashwa, hadi kichwa, ncha ya mdomoni. Jani la nje, ambalo ndilo pekee analoliona mnunuzi, ni sehemu ndogo ya tumbaku yote iliyomo. Chini yake lipo jani la kufungia, na ndani kabisa umo ujazo ambao Wakuba huuita tripa, yaani utumbo, na humo ndimo inamokaa nguvu. Utumbo huo hutungwa kwa majani ya mimea iliyokulia juani: volado ya chini, ambayo huwaka vizuri na haina mengi ya kusema; seko ya katikati, ambayo huleta harufu; na lihero (wenyewe huandika ligero) ya juu, iliyopigwa na jua kuliko nduguze, nene, yenye mafuta, inayowaka polepole na iliyojaa nikotini. Msokotaji huilaza lihero katikati ya utumbo, ambako moto unakuwa na joto zaidi, ili isiifanye biri iungue upande mmoja. Ipo pia medio tiempo, majani mawili ya kileleni ambayo si kila mmea huyatoa, na ambayo wateja wengi walianza kuyataja pale chapa ya Cohiba ilipotoa safu ya Behike BHK mwaka 2010. Fundi akitaka biri yenye nguvu huongeza lihero, na akitaka ya upole huipunguza. Rangi ya jani la nje haimo katika hesabu hiyo.

Jani la nje lina mashamba yake. Katika Vuelta Abajo, mkoani Pinar del Río, hasa pande za San Luis na San Juan y Martínez, mimea ya majani ya nje hulimwa chini ya vitambaa vinavyotandwa juu ya shamba zima, ili jua lichujwe na jani litoke jembamba, pana na lenye kunyumbulika. Kazi yake kubwa ni sura, mguso na kiasi fulani cha ladha. Kiasi gani? Nitalirudia swali hilo, kwa sababu ndilo linaloninyima raha.

Kama maelezo hayo hayatoshi, basi nenda kiwandani kwa fikra, umtazame mchaguzi wa rangi. Mbele yake pana rundo la biri za chapa moja na ukubwa mmoja, zilizosokotwa kwa mchanganyiko ule ule wa tripa. Yeye huzitenga kwa vivuli vya kahawia ambavyo mimi, baada ya miaka yote hii, bado siwezi kuvitofautisha vyote, na vivuli hivyo huweza kupita 60. Akimaliza, kila sanduku hupangwa kwa rangi zinazokaribiana, iliyokoza zaidi ikiwa kushoto na iliyopauka zaidi ikiwa kulia. Sanduku moja hutoka likiwa na rangi ya mchanga na jingine likiwa na rangi ya kahawa, na yote mawili huenda kwa wateja kwa jina moja na bei moja. Lau rangi ingekuwa ndiyo ukali, kila chapa ya Kuba ingekuwa inauza nguvu kadhaa wa kadhaa ndani ya jina moja, na mchaguzi wa rangi angekuwa ndiye mtungaji wa mchanganyiko, ilhali yeye hakugusa utumbo hata mara moja.

Weusi wenyewe hutoka wapi basi? Hutoka kwenye jua, kwenye nafasi ya jani katika mmea, kwenye muda lililoachwa shinani kabla ya kuchumwa, na hasa kwenye uchachushaji. Majani hurundikwa yakiwa na unyevu, rundo likapata joto lenyewe, na joto hilo hufukuza amonia, hupunguza nikotini na papo hapo huyakoza rangi. Soma sentensi hiyo tena, tafadhali, bwana wangu wa Mombasa: kazi ile ile inayolitia jani weusi ndiyo inayolipunguzia makali. Wakuba hulitaja jani jeusi kwa neno maduro, maana yake bivu, na ukifikiri ndizi mbivu iliyoanza kupata mabaka meusi utakuwa umeelewa zaidi ya wanunuzi wangu wengi. Cohiba Maduro 5, iliyotoka mwaka 2007, imevikwa jani la nje lililowekwa miaka mitano, na watu huinunua wakitafuta kupigwa ngumi, kumbe linachowaletea jani hilo ni utamu unaokaribia kakao.

Ninashuku kwamba kosa hili limeanzia kwenye chai. Chai ya rangi ikikoza huwa kali, nasi tunaibeba kanuni hiyo hadi kwenye tumbaku. Lakini mkosaji mkubwa zaidi ni neno lenyewe, kali, ambalo katika Kiswahili tumelitwisha mizigo mingi mno: pilipili ni kali, kisu ni kikali, jua ni kali, mwalimu ni mkali, na biri nayo tunataka iwe kali bila kusema ni kwa maana ipi. Katika biri yamo mambo matatu tofauti ambayo neno hilo huyafunga katika kitita kimoja, na mtu asiyeyafungua hawezi kuionja biri, atabaki kuivuta tu.

La kwanza ni nguvu, nayo ni nikotini. Nguvu haionjwi ulimini. Huhisiwa mwilini, tena kwa kuchelewa. Utaijua kwa jasho jembamba la paji la uso, kwa tumbo linalogeuka na kwa kizunguzungu, na mara nyingi hujitokeza katika theluthi ya mwisho, wakati mnunuzi amekwisha kutangaza kwamba biri hii ni laini. (Ikikufika, weka biri chini na unywe chai yenye sukari nyingi. Ndiyo maana huwa ninauliza kama mtu amekula.) La pili ni uzito, yaani unene wa moshi mdomoni, tofauti ile iliyopo kati ya maji ya madafu na tui zito la nazi. La tatu ni wingi wa ladha. Mambo haya huachana bila taabu: nimewahi kuvuta biri yenye moshi mzito kama tui na nguvu kidogo kabisa, na nimewahi kuvuta nyingine yenye moshi mwepesi iliyonilazimisha kukaa kitako ukumbini hadi dunia ilipoacha kuzunguka. Lipo pia la nne, linalowapotosha hata wazoefu: pilipili puani. Ukipitisha moshi kidogo puani wakati wa kuutoa, utasikia mwasho, na wengi huuita mwasho huo nguvu. Si nguvu. Ni ladha yenye kero.

Anayetaka kujionea atafute biri tatu za ukubwa wa robusto, yaani milimita 124 kwa kipimo cha unene cha 50, ambacho ni sehemu 50 za 64 za inchi, karibu milimita 20. Achague Hoyo de Monterrey Epicure No. 2, Bolívar Royal Coronas na Partagás Serie D No. 4. Kampuni ya Habanos S.A., inayouza biri zote za Kuba nje ya nchi hiyo, huiweka Hoyo upande wa upole na hizo nyingine mbili upande wa nguvu. Kisha amwombe muuzaji ampe Epicure yenye jani lililokoza kuliko yote yaliyopo, na Bolívar iliyopauka. Azivute kwa siku tofauti, akiwa ameshiba.

Kuhusu kukata na kuwasha sitakawia. Kata kifuniko tu, yaani kipande cha jani kilichofunika kichwa, usikate mabega, pale kichwa kinapoungana na kiwiliwili. Tumia kiberiti cha gesi isiyo na harufu au kipande cha mwerezi, uupashe mguu moto kabla ya kuvuta. Hifadhi katika unyevu wa asilimia 65 hadi 70. Vuta mara moja kwa dakika, wala usimeze moshi. Hapa vijana hushangaa na kuuliza nguvu itafikaje mwilini bila kufika mapafuni, nami huwauliza nyanya zao waliotia tumbaku ndani ya tambuu walimeza moshi gani. Ngozi ya mdomo inatosha, na kwa ngozi hiyo hiyo hupita madhara yake, pamoja na saratani ya mdomo. Anayekuambia kwamba kutomeza moshi kunakuokoa ana biri za kuuza. Mimi pia nina biri za kuuza, lakini hilo sitakuambia.

Theluthi ya kwanza usiihukumu, maana huwa inatafuta njia. Waonjaji wa Kifaransa wana mzaha wa zamani kwamba theluthi tatu za biri ni majani makavu, uungu, na samadi, na sijapata kuona maelezo mafupi ya kweli kuliko hayo. Katika theluthi ya pili ndipo unapoweza kuitenga nguvu na uzito, kwa kujiuliza maswali mawili tofauti: moshi unajaza mdomo namna gani, na mwili wangu unasemaje?

Yule bwana wa Mombasa, kwa taarifa yenu, nilimwuzia Epicure nyeusi, biri ya upole iliyovaa koti la kutisha. Siku tatu baadaye alirudi akinishukuru. "Ile ndiyo kali," akasema, "ilinishika sawasawa."

Ningependa kumcheka, lakini siwezi. Mwenzangu wa dukani aliwahi kunifunga macho na kunipa biri tano, ninazozijua zote, nizipange kwa nguvu, nikakosea mbili. Kisha tulirudia nikiwa ninaziona, na nikapanga vizuri zaidi, jambo linaloonyesha kwamba kumbe nilikuwa ninasoma pete za karatasi zenye jina la chapa zaidi ya moshi. Ninapomwandikia mteja kwamba biri hii ina ngozi, mwerezi na asali, sehemu ya maneno hayo nimeyaonja na sehemu nimeyarithi kutoka kwa walionifundisha, wala sijui mpaka uko wapi.

Na lile swali la kiasi cha ladha kinachotoka kwenye jani la nje bado lipo palepale. Utasikia wauzaji wakitaja asilimia 60, wengine zaidi, kwa uhakika wa mtu aliyepima kwa mizani. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunionyesha mizani yenyewe. Ninachoweza kukitetea ni hesabu ya duara. Unene wa jani la nje haubadiliki sana kati ya biri moja na nyingine, kwa hiyo kadiri biri inavyokuwa nyembamba ndivyo fungu la jani hilo linavyokua. Cohiba Lancero ina kipimo cha 38, karibu milimita 15, na ukiilinganisha na robusto, fungu la jani lake la nje limezidi kwa karibu theluthi moja. Hapo koti linaanza kusikika. Kwa hiyo mteja akija kuniulizia Lancero, mimi mwenyewe hulifungua sanduku na kutazama rangi kwanza, ingawa ninachokitafuta kwa rangi hiyo ni utamu.